Ng'ombe wa Kaboni

Maji ya chai yalikuwa bado hayajaanza hata kuimba pale Domitila alipokaa kwenye kigoda na kuanza kuchora kisigino cha mama yake.

Mama yake, Nyanjige, alikuwa amejilaza kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, khanga imemfunika hadi kichwani, mguu mmoja nje. Kisigino kilikuwa na nyufa kama shamba la mpunga lililokauka. Domitila aliuanza mstari kwenye ufa mkubwa kuliko yote, akaufuata polepole, daftari likiwa gotini.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Aliwasha moto, akateleka birika, akachora kilichokuwa karibu mpaka maji yachemke. Yakichemka aliacha, hata kama mstari ulikuwa umefika katikati. Hakufuta, hakurudia, hakujiuliza kama kimetoka vizuri. Kuna siku alichora mwiko. Kuna siku alichora kidonge cha klorokwini kilichomshinda kumeza, na kwa jinsi homa ilivyomtetemesha, hata kidonge kikatokea na pembe. Waliodhani mtu wa namna hiyo huchora kwa furaha walikosea. Asubuhi nyingi Domitila alichora kama mtu anavyonawa uso, kwa sababu tu kumekucha.

Leo mkono ulikuwa mzito kuliko siku zote. Leo Constantine alikuwa anakuja.

"Unachora nini tena, mayu?" Mama aliuliza kutoka ndani ya khanga, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kisigino chako."

"Ee Mungu wangu! Mtu analetewa mahari, yeye anachora kisigino. Basi chora na nyufa zake, wakwe wajue kuwa mama mkwe amelima." Akajigeuza, akafunua uso. "Umelala usiku?"

"Kidogo."

"Kidogo ni nusu saa au dakika moja? Nimekusikia ukijipindua. Wenzenu hupendana wakanenepa. Ninyi mnapendana mnakonda, kama mliorogwa na mtu mmoja."

Domitila alitabasamu bila kuinua macho. Maji yakachemka. Akafunga daftari.

Nyumba yao ilikuwa Somanda, si mbali na barabara iendayo hospitali ya Bariadi. Baba alikuwa amefariki, na neno la mwisho la nyumba lilikuwa kwa mdogo wake, Mzee Luhaga, aliyeishi Lagangabilili na ng'ombe wake. Neno hilo alikuwa amelitoa tangu mwaka jana: Domitila ataolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao hao ndio watakaomwolea kaka yake, Masalu, binti wa watu kule Dutwa. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ukatili. Ndivyo mambo yalivyokwenda tangu zamani: dada hutoka, ng'ombe huingia, ng'ombe hutoka, wifi huingia. Lakini Domitila kila alipokutana na macho ya Masalu mezani, aliona ng'ombe wakipita ndani yake, mmoja mmoja, wakielekea Dutwa.

Na Constantine hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na penseli.

Alikuja Bariadi msimu wa pamba wa mwaka juzi, ametumwa kuchora picha za kitabu cha darasa la pili. Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa kila upande. Pamba ilinunuliwa na watu binafsi wenye malori yao, na hata vitabu vya shule vilianza kutengenezwa na wachapishaji wa mitaani. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye desturi ya kumtazama mtu mpaka mtu ajikague vifungo. Siku moja alifika sokoni, kwenye cherehani ya Domitila, akamwomba amshonee upya daftari lake lililoachana mgongoni.

Domitila wakati huo alikuwa anadarizi mashuka. Alikuwa na michoro yake mitatu: tausi, waridi na kikapu cha matunda. Yote aliipata kwenye shuka la zamani la misheni, akaitoa kwa karatasi ya kaboni juu ya kitambaa, tausi baada ya tausi, mpaka wateja wakachoka. Mashuka ya dukani kutoka ng'ambo yalikuwa yameanza kujaa, yenye maua ya rangi zote, na bei yake ilikuwa ndogo. Alikuwa anafikiria kuiuza cherehani.

Ili alishone daftari ilibidi alifungue. Alilifungua, na uzi ukabaki mkononi kwa muda mrefu.

"Hii miguu ya mbuzi," alisema mwishowe, "ni ya mbuzi wangapi?"

"Mmoja," Constantine alijibu. "Alikataa kutulia."

"Na hii yote umekosea?"

"Karibu yote."

Alikuwa na madaftari mengine mawili begini. Moja lilikuwa la mzee aliyemfundisha kazi, mchoraji wa kiwanda cha uchapaji cha misheni. Jingine alipewa na mwanamke mmoja wa Dar es Salaam aliyechora vitabu vya watoto. Domitila aliyaomba, akayapitia jioni ile na jioni zilizofuata, cherehani ikipoa. Alikuwa amezoea kuona picha zikiwa zimekwisha iva, ndani ya vitabu. Hapa aliziona zikiwa mbichi. Mzee wa misheni alikuwa amejaza ukurasa mzima wa mikono inayofunga kamba, mingi kama mizizi ya muhogo, na mmoja tu pembeni ukiwa mkono wa kweli. Yule mwanamke alichora bakuli moja asubuhi baada ya asubuhi, mwanga ukibadilika tu. Kando ameandika: *Leo sikutaka. Nimechora.*

Maneno hayo ndiyo yaliyomshika. Alikuwa akidhani wanaojua kuchora huamka wakitaka.

Akaanza. Miezi michache baadaye, mashuka yake yalikuwa na vitumba vya pamba vilivyopasuka, na kanga wakikimbia ukingoni, kila kanga na mbio zake. Mabibi harusi wakaanza kumtafuta. Na yeye na Constantine, hakuna aliyejua vizuri yalianza lini, hata wao wenyewe. Labda siku ile Constantine alipochora mkono wa Domitila ukiwa na sindano, akauliza kwa sauti ndogo, "Naweza kurudi kesho? Kidole hiki sijakielewa." Akarudi kesho. Kidole kile kilimchukua msimu mzima.

Kisha Mzee Luhaga akatamka ng'ombe, na Constantine akaaga. "Nipe mwaka," alisema. "Nitarudi nao."

Sasa mwaka ulikuwa umekwisha.

*

Mzee Luhaga alifika kabla ya wageni, baiskeli ikilia mnyororo, kofia imepauka kwa jua.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Habari za Lagangabilili?"

"Mhola, ni njema. Mvua tu ndiyo haina adabu." Akamtazama Domitila kwa makini. "Umekonda wewe. Huyo Mhaya anakuja na ng'ombe au anakuja na ndizi?"

"Ndizi nazo ni chakula, baba."

"Ni chakula. Lakini Masalu hawezi kuoa kwa mkungu."

Masalu, aliyekuwa akipanga viti kwenye kivuli cha ukuta, alicheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe. Alikuwa amevaa shati la harusini.

Wageni walipofika walikuwa wawili. Joakim, katekista, ndiye aliyekuwa mshenga, mtu mfupi mwenye maneno ya ziada. Nyuma yake, Constantine. Domitila alikuwa dirishani, nyuma ya pazia alilolidarizi mwenyewe. Alikuwa ameiandaa siku hiyo moyoni mara nyingi: Constantine angeingia getini, angeinua macho, angemtafuta dirishani kama alivyofanya zamani.

Constantine aliingia akitazama chini. Amepungua. Ngozi ya shingoni ilikuwa imeungua, kola imelegea, na mkono wa kulia ulikuwa umeshika bahasha kubwa ya kaki kana kwamba ndani mlikuwa na kitu kilichokwisha kufa. Alisalimia kila mtu kwa heshima, akakaa. Hakutazama dirisha.

"Amechoka tu," Domitila alijiambia. "Safari ya kutoka Meatu, alikokwenda kutafuta hao ng'ombe, ni ndefu."

Maji yakanywewa, hali zikaulizwa, mvua ikalaumiwa. Joakim akakohoa.

"Wazee wangu, tulisema hatutarudi mikono mitupu. Na hatukurudi mikono mitupu."

"Naona bahasha," alisema Mzee Luhaga. "Ng'ombe siku hizi wanaingia kwenye bahasha?"

"Siku hizi ni ruksa, mzee."

Watu wakacheka. Constantine akainama mbele. "Baba, ng'ombe ninao. Wako Kimali, kule Meatu, kwa mfugaji mmoja anayenitunzia. Njiani malisho yamekauka, ningewaswaga sasa wangefika mifupa mitupu. Nikaona, kuliko kuja na maneno matupu, nije na picha zao. Mkiridhika, mje mkague, na mvua zikikaa sawa tuwalete."

"Picha za kamera?"

"Nimewachora, baba."

Mzee Luhaga aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza radio ya mbali. "Nimeona mengi tangu biashara ifunguliwe," alisema. "Nimeona maji yakiuzwa kwenye chupa. Mahari ya kuchorwa, hii ndiyo mara yangu ya kwanza. Haya, leta tuone mifugo."

Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akazipokea karatasi, akaanza kuzitazama moja moja, bila haraka. Mtu aliyechunga maisha yake yote hana haraka mbele ya ng'ombe, hata wa karatasi. Masalu alichungulia begani kwake. "Huyu mweusi ni mzuri, baba. Na huyu mtamba mwenye mabaka, ona!"

Mzee alirudi kwenye karatasi ya kwanza. Akaenda ya tatu. Akarudi tena.

Domitila alitoka jikoni na bakuli la michembe ya viazi na karanga. Kwa desturi alipaswa kuweka, kupiga goti, na kuondoka. Aliweka. Akapiga goti. Na macho yake, yaliyokuwa na njaa ya mwaka mzima ya kuuona mstari wa Constantine, yakaanguka kwenye karatasi.

Hakuinuka.

Ule haukuwa mstari wake. Mstari wa Constantine ulikuwa na kigugumizi, ulisimama, ukafikiri, ukaendelea. Huu ulikuwa umenyooka tu, na ukingoni mwake kulikuwa na kivuli cha samawati kinachochafua kidogo karatasi. Domitila alikijua kivuli kile kuliko mtu yeyote aliyekaa pale. Alikuwa amekiosha vidoleni kila jioni kwa miaka, enzi za tausi.

"Kijana," alisema Mzee Luhaga.

"Naam, baba."

"Hawa ng'ombe wako hai?"

"Wako hai, baba."

"Wote?"

"Wote."

"Mbona wote wameinua mguu huu huu?"

Joakim alianza kucheka, kisha akaona hakuna mwenzake.

"Na mkia wote wameutupa kushoto," Mzee aliendelea kwa sauti ile ile ya upole. "Alikuwepo inzi mmoja akiwapitia kwa zamu? Mimi nimechunga tangu sijavaa suruali. Sijapata kuona ng'ombe wawili wanaosimama sawasawa, hata wa tumbo moja. Huyu ni ng'ombe mmoja, amebadilishwa nguo. Sasa niambie taratibu, maana sipendi kumhukumu mtu aliyekunywa maji yangu. Unao ng'ombe mmoja, au huna hata mmoja?"

Masalu aliinuka nusu, akakaa tena. Constantine alifumbua mdomo, na Domitila akaona kuwa lolote atakalosema halitaaminika.

Bado alikuwa amepiga goti. Angeweza kunyanyuka na kwenda jikoni. Wengi wangesema ndilo lililokuwa jambo la adabu.

"Baba, nisamehe," alisema. "Ng'ombe wapo."

Kila mtu akageuka. Mama yake, mlangoni, akashika kifua.

"Umewaona?" aliuliza Mzee Luhaga.

"Sijawaona."

"Basi unajuaje?"

"Mwongo angejitahidi zaidi, baba. Anayetaka kukudanganya wewe kwa ng'ombe angekesha, kila mmoja ampe pembe zake na mguu wake. Huyu hakujitahidi, kwa sababu anajua wapo zizini. Amechora mmoja, akaweka kaboni, akabadilisha mabaka." Sauti yake ilianza kupungua. "Hiyo si kazi ya tapeli. Ni kazi ya mtu aliyechoka. Mimi nilikuwa natoa tausi hivyo hivyo."

Mzee Luhaga alivua miwani. "Ni kweli, kijana?"

"Ni kweli, baba."

"Na huyo mmoja wa kwanza, ni yupi? Nionyeshe yule uliyemtazama kwa macho yako."

Constantine aliingiza mikono katikati ya magoti. "Hakuna, baba. Hata huyo wa kwanza nilimtoa kwenye bango la dawa ya kuogeshea mifugo. Lilikuwa limebandikwa ghalani."

"Mama yangu!" alinong'ona Joakim, na bila shaka hakuwa anamwita mama yake.

Mzee alizipanga karatasi vizuri, kingo kwa kingo, akaziweka juu ya bahasha. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Mimi sijui mambo ya kuchora," alisema. "Ila nina swali la mchungaji. Mtu asiyemtazama ng'ombe wake mwenyewe, aliyemnunua kwa jasho lake, je, mke atamtazama?"

Upepo ulipita, ukainua pembe ya karatasi ya juu, ukaiacha.

"Sijui, baba," alisema Constantine. "Zamani ningekujibu haraka."

"Jibu hilo silipendi. Lakini si la uongo." Mzee akamgeukia Domitila. "Kimali si hapo sokoni. Ni safari ya mtu mzima mwenye magoti mabovu. Kwa kawaida simuulizi binti. Lakini binti amekwisha sema kabla ya kuulizwa, basi na aulizwe. Ukisema niende nikague, nitakwenda, na nikiwakuta, mambo yameisha. Ukisema nisiende, tutamrudishia mgeni bahasha yake kwa amani. Nenda mkazungumze huko nyuma. Mama yako ataleta jibu."

"Baba!" Masalu alilipuka. "Si wapo? Si amesema wapo? Tatizo ni nini sasa, tunaoa ng'ombe au tunaoa picha?"

"Wewe unaoa kwa ng'ombe wa dada yako. Angalau mwache avute pumzi."

*

Nyuma ya nyumba kulikuwa na uchaga wa vyombo, kigogo cha kukalia, na ungo wenye choroko alizoziacha asubuhi. Domitila alikaa akaupakata ungo, kwa sababu mikono ilihitaji pa kwenda. Constantine alibaki amesimama, ile bahasha na karatasi zake kwapani.

"Umeniokoa," alisema.

"Sijakuokoa. Nimesema nilichokiona."

"Domi..."

"Lini umechora mara ya mwisho?"

Kuku alipita, akawatazama, akaendelea na safari.

"Mwanzoni nilijaribu," alisema. "Nilipata kazi ya mizani kwa mnunuzi wa pamba. Tunazunguka vijijini na lori, kutwa napima, nabishana, naandika. Jioni mkono unakataa penseli. Nikasema, nitachora kesho. Kesho nikasema, nitachora Jumapili. Kisha nikaona hata hiyo Jumapili naweza kuiuza. Kila mnada nilikuwa nafikiria ng'ombe mmoja zaidi. Nilifanya kwa ajili yako, Domi."

"Mimi sikukuomba uache."

"Ningetoa wapi mahari? Kwa picha za mbuzi?" Sauti ilipanda, kisha ikaona aibu, ikashuka. "Niambie. Wachapishaji wanalipa wanapojisikia. Baba yako mdogo anataka ng'ombe, kaka yako anataka ng'ombe, na wana haki. Ni kipi nilichotakiwa kukiacha kisichouma? Au nikuache wewe?"

Domitila alipepeta. Maganda yakaruka. Hakutaka kulitafutia swali hilo jibu la uongo. Alikuwa amelifikiria upande wake pia, asubuhi zile zote: kwamba mtu mmoja alikuwa anachoka kwa ajili yake mahali asipopaona.

"Mimi nimechora kila siku," alisema. "Sisemi hivyo kujionyesha. Nilikuwa nimechoka pia, Constantine. Mashuka hayauziki kama mwaka jana. Mama anakohoa. Masalu ananitazama kama mnada. Lakini kila nikishika penseli nilijua wewe pia huko uliko umeshika. Nilidhani tunafanya kitu kimoja. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Hilo ndilo lililomwangusha Constantine. Alikaa chini, kwenye vumbi, mgongo ukutani, kama mtu aliyetua gunia.

"Leo umeingia getini hukuniangalia," Domitila aliendelea, polepole zaidi. "Nilikuwa dirishani. Nilikuwa nimevaa hili gauni tangu asubuhi."

"Niliogopa."

"Nini?"

"Ungeniona." Alijifuta uso kwa kiganja. "Wewe ungeniona kwanza, kabla ya mzee. Nilijua. Nilikaa Kimali siku nzima mbele ya wale ng'ombe na karatasi tupu. Nikamtazama mmoja, na kitu pekee nilichokiona ni bei. Nikamtazama mwingine, bei. Macho yameharibika, Domi. Sikutaka nikutazame wewe nione..."

Choroko zilikuwa zimetulia ndani ya ungo. Mbele ya nyumba Joakim alikuwa anasimulia jambo kwa bidii, na hakuna aliyemcheka.

Constantine alichukua bahasha, akatoa zile karatasi, akazishika kwa mikono miwili tayari kuzirarua.

"Usiharibu karatasi," alisema Domitila. "Upande wa pili ni mweupe."

Akamtazama. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo macho yao kukutana, na hakukuwa na radi yoyote. Kulikuwa na macho mawili mekundu kwa vumbi la Meatu, na mengine mawili yasiyolala.

"Nichore nini?"

"Kilicho karibu."

"Domi, mkono umekufa. Utacheka."

"Sina nguvu ya kucheka. Na sitakukalia kama bibi harusi wa studio. Nina choroko zangu."

Akachomoa penseli iliyokuwa imechomekwa kwenye nywele zake, akamrushia. Ilianguka kwenye vumbi. Constantine aliiokota, akaifuta kwenye suruali, akaigeuza karatasi ya juu, akaiweka gotini. Akainua kichwa.

Domitila aliinamisha uso kwenye ungo na kuendelea kuchagua mawe. Alisikia penseli ikigusa karatasi, ikasimama. Ikagusa tena. Mstari wa kwanza ulikuwa mfupi, kisha akasikia pumzi ya hasira, kisha mstari mwingine juu ya ule. Haukuwa mlio wa zamani. Ulikuwa kama mlio wa mtu anayejifunza kutembea baada ya ugonjwa, akishika kuta. Mara nne, mara tano, aligeuza karatasi na kuanza nyingine. Nyuma ya ng'ombe wa bango, uso wake ukakosewa, ukakosewa tena.

"Pua si hivyo," Constantine alinong'ona, akijisemea. "Kumbe umepata alama hapa. Juu ya jicho. Hukuwa nayo."

"Kuni ilinirukia. Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu," alirudia, kana kwamba ni taarifa ya msiba aliyochelewa kuipata.

Jua lilikuwa limehamia kwenye paa. Domitila aliyahisi macho yale yakipita juu ya kipaji chake, yakishuka shavuni, yakirudi kwenye ile alama, yakikosa, yakitafuta tena. Uchovu wa mwaka mzima ulikuwa bado umemkalia mabegani, wala haukuondoka. Lakini mtu alikuwa anamtazama, kwa shida, na bila kuhesabu. Alikuwa amesahau jinsi jambo hilo linavyochoma mtu.

Choroko safi na mawe zilikuwa zimekwisha tengana zamani. Akazichanganya kwa kiganja, akaanza kuzichagua upya.

"Domi!" Mama yake aliita kutoka pembeni ya nyumba, kwa sauti ya mtu aliyejizuia kuchungulia kwa muda mrefu. "Baba yako mdogo anauliza. Aende Kimali au asiende?"

Penseli ikasimama. Constantine alikaa na mkono hewani, vumbi la kaboni limempaka kidole gumba, akamtazama kama mtu anayeusubiri mwanga ubadilike.

"Aende, mayu," alisema Domitila. "Ila amchukue Masalu na Joakim. Huyu asiende naye. Bado hajamaliza."